Betri za Munyoki

Voi,
Jumatatu, saa kumi jioni.

Mwaitu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa mwanao. Natumaini goti limepoa, na kwamba ile dawa ya kupaka unaitumia mwenyewe wala hukuwagawia majirani wote wa Bomeni. Natumaini pia maji yamerudi kwenye mfereji na migomba imesimama. Mimi ni mzima wa mwili. Nimekula leo, kabla hujauliza.

Kuna mlio mmoja ninaoishi nao mwaka wa pili sasa. Ni simu inayolia ndani ya droo ya mbao, juu ya pini na vifuniko vya kalamu: mlio mfupi, kimya, mlio tena, kimya, mlio tena. Husikika kama mdudu aliyefungiwa koponi. Nausikia nikipiga mswaki. Niliusikia kanisani Krismasi iliyopita, pale uliponishika mkono ukawaambia akina mama wenzako kwamba huyu ndiye yule wa redio. Ulidhani naona haya. Nilikuwa nahesabu: moja, mbili, tatu.

Ningeweza kukupigia. Lakini kwenye simu wewe husema pole kabla mtu hajamaliza, na mimi nikishaambiwa pole hunyamaza. Karatasi haitanikatiza. Barua hii nampa Philemon, ambaye kesho anarudi Bomeni baada ya kuuza ndizi zake.

Jambo lenyewe linamhusu mtu wa kijiji cha Mikuyuni, jina lake Munyoki. Amefiwa na mke. Watoto wake wawili wanakaa kwa bibi yao, naye haruhusiwi kuvuka lango kuwaona, kwa sababu watu wote, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza, wanaamini kwamba yeye ndiye aliyemuua mama yao. Na mwezi huu nilitakiwa kuiandika imani hiyo kitabuni, ibaki milele. Nitakueleza polepole.

Mwezi wa kwanza Bwana Silvanus, meneja wetu, aliniita ofisini akaniambia Redio Nyika inatimiza miaka kumi na mitano. Alitaka kijitabu cha kurasa arobaini, chenye picha, cha kuwapa wageni siku ya sherehe. Alinichagua mimi kwa sababu, alisema, ndimi mwenye Kiswahili cha vitabuni. Wenzangu walicheka, wakaanza kuniita Makumbusho. Makumbusho, umefika mwaka gani? Makumbusho, usisahau kuandika kwamba choo kilijengwa mwaka wa nne.

Nilifurahi, Mwaitu, siwezi kukuficha. Nilipenda kuchimba. Nilijua tulianzia juu ya duka la magurudumu, upande wa reli, vyumba viwili, lakini sikujua kwamba kuta za studio zilifunikwa kwa trei za mayai ili sauti isirudi, na kwamba trei hizo zilikusanywa kwenye mikahawa ya mji mzima na Mama Tryphena. Huyu ndiye mtangazaji wetu wa kwanza, mtu wa Werugha, mwalimu aliyestaafu mapema. Siku ya kwanza hewani mtambo ulikubali dakika kumi na nne tu, ukafa, na yeye, bila kujua, aliendelea kusoma bei za kabeji na nyanya kwa nusu saa nzima. Alinisimulia akijishika ubavu kwa kicheko. Alisema ile ndiyo taarifa yake bora kuliko zote, maana hakuna aliyeipinga. Watu wa huku hupinga. Kipindi cha kupiga simu kilipoanza, mtu wa Wundanyi alipiga kusema kwamba watu wa Voi hawajui baridi, na mtu wa Voi akamjibu kwamba wa Wundanyi hawajui kuoga, na wakazozana hivyo mpaka saa tatu. Bwana Silvanus anasema hapo ndipo alipojua redio imepata wenyewe.

Ripoti ya ndovu haikubuniwa na mtu. Mwaka wa pili, mwalimu mmoja alipiga simu alfajiri akaomba watoto waambiwe wasipite njia ya lambo, kwa kuwa ndovu walikuwa wamesimama pale. Kesho yake wakapiga watu wawili. Kisha wakaja wale wasio na salio, wa kufleshi: anapiga, inalia mara moja, anakata. Mtu mwingine angeona ni usumbufu. Mama Tryphena alichukua kadibodi, akaandika nambari thelathini na moja, kila moja na kijiji chake, akapatana na wenye nambari. Fleshi moja: wameonekana ng'ambo ya uzio wa hifadhi. Fleshi tatu: wamevuka, wako njiani. Kimya: hakuna kitu. Saa kumi na moja na dakika arobaini mtangazaji hutazama simu, hutazama kadibodi, kisha hutaja vijiji kimoja kimoja. Penye usalama husema, njia nyeupe. Wako watu nyanda hizi ambao hawafungui mlango mpaka wasikie kijiji chao kimeambiwa njia nyeupe. Mama Tryphena aliponiachia kiti, miaka minne iliyopita, alinipa sheria moja tu, kwa kalamu nyekundu: usiseme nyeupe kabla hujaitazama simu kwa macho yako.

Sasa nifike kwa Penina.

Mwaka juzi, mwezi wa tatu, Penina wa Mikuyuni alitoka kwake kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, na ndoo ya uji, kwenda kuuza steji ya barabara kuu. Ndovu walikuwa kwenye kona ya tangi la maji, majike wawili na ndama. Zaidi ya hapo sitaandika.

Mumewe, Munyoki, hakuwa nyumbani. Ni soja, mlinzi wa usiku, katika shamba la mkonge, na zamu yake ilikuwa haijaisha. Siku ya mazishi, alipopewa nafasi ya kusema, alisema jambo ambalo hakulazimika kulisema. Alisema tochi yake ilikuwa imekufa jioni ile kabla ya kwenda kazini, akatoa betri mbili za redio akazitia kwenye tochi, na kwa hiyo mkewe aliamka akatoka bila kusikia ripoti. Mama yake Penina, anayeitwa Katuku, aliinuka mbele ya watu wote akamwambia aondoke kaburini. Watoto, Mumo na Koki, akawachukua yeye. Nyumba zao zinatengana kwa mashamba matatu. Munyoki huwaona kwa mbali wakienda shule, hupunga mkono, wao huangaliana kwanza ndipo wapunge. Na steji, vijana wa boda wanamwita Betri. Akipita, mmoja huuliza kwa sauti kama kuna mtu redio yake imezima.

Na sisi je? Wiki ile ile Bwana Silvanus aliagiza tangazo. Unalijua, maana siku ambazo Redio Nyika inafika Bomeni huwa unalisema pamoja nami na kuwachekesha wageni: "Betri ya redio si ya tochi. Ukiitoa, umetoa roho ya mtu." Sauti ni yangu. Limepita hewani kila asubuhi kwa miaka miwili, baada ya ripoti. Hatukumtaja Munyoki kwa jina. Hakukuwa na haja.

Katika kijitabu, Bwana Silvanus alitaka sentensi moja aliyoitunga mwenyewe. Ilisema kwamba tangu ripoti ya ndovu ianze hakuna msikilizaji hata mmoja aliyepoteza maisha njiani. Aliyekufa ni yule ambaye redio yake ilikuwa imezimwa. Alitaka na picha ya Munyoki chini yake, ili iwe funzo. Akanituma nikamwombe.

Nilikwenda wiki tatu zilizopita, nikiomba moyoni asiwepo. Alikuwepo. Alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi, kwa sababu alisikia mtu wa redio anakuja. Hakukataa. Aliniuliza kama ashike redio kwenye picha au aiweke mezani. Ni redio ndogo nyeusi, kifuniko cha nyuma kimefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Alinifungulia nione kwamba sasa ina betri, na kwamba kwenye dirisha zimo nyingine mbili za akiba. Alinipa chai. Ndipo akasema ana jambo la kuniuliza, amelibeba muda mrefu, aliogopa kuisumbua ofisi. Aliuliza asubuhi ile niliisemaje Mikuyuni. Hakutaka maana yake tu, alitaka maneno yenyewe. Alisema kila siku hujaribu kuyawaza: pengine nilisema wako tangini, pengine nilisema mama zangu msitoke. Alitaka kuyajua ili, alisema, ajue hasa alimnyima nini.

Nilimwambia nitaangalia kwenye daftari. Nikamshukuru kwa chai. Niliacha kupiga picha, nikasingizia mwanga.

Daftari la ripoti liko kabatini, na nililifungua kwa sababu nilikuwa nimemwambia mtu nitalifungua, si kwa sababu nilikuwa sijui kilichomo. Ukurasa wa siku ile umeandikwa kwa mwandiko wangu. Mstari wa Mikuyuni unasema: kimya.

Mwaitu, haikuwa kimya.

Siku ile saa kumi na mbili, baada ya ripoti, nilitarajia mgeni studio, afisa wa mambo ya fidia kwa watu walioumizwa na wanyama. Redio moja kubwa ya Nairobi ilikuwa imeniomba niwatumie mahojiano yangu, wasikie nafaa au sifai. Hukuniambia niende Nairobi na sikukuambia nataka kwenda. Nilitaka sana. Nilikuwa nimeamka na maswali yangu kwenye karatasi, nikiyapima kama nguo. Sasa simu ikiwa karibu na mitambo yetu, spika hukoroma kabla haijalia, na mkoromo huo huingia kwenye rekodi. Nilijaribu kurekodi utangulizi mara mbili, mara mbili ukaharibika, kijiji hiki kimefleshi, kijiji kile kimefleshi. Nikaziandika fleshi zilizokuwa zimeingia. Halafu nikaichukua ile simu, nikaifunga ndani ya sweta yangu, nikaitia kwenye droo ya chini.

Dakika tatu kabla ya ripoti ililia. Fupi. Tena. Tena. Nilisikia zote tatu, na maana ya tatu naijua kama jina langu. Ungefikiri mtu hupigana na nafsi yake wakati kama huo. Hakuna vita vilivyotokea. Nilijiambia ni wale vijana wanaoomba kusalimia watu, nikaendelea kusahihisha swali la pili. Ulipofika wakati nikasoma vijiji. Nikasema, Mikuyuni, njia nyeupe. Nilisema vizuri, Mwaitu. Rekodi ninayo, na sauti imetulia.

Saa kumi na mbili na dakika kumi, mgeni akiwa anaeleza fomu za fidia, tuliweka muziki kidogo, nikafungua droo. Nambari ilikuwa ya Mikuyuni. Mwenye nambari ni Mzee Kiema, anayekaa mwisho kabisa wa kijiji, pembeni mwa uzio. Bado ningeweza kusema pale pale. Sijui kama dakika hizo zingemfaa Penina au alikuwa ameshafika konani. Mgeni alinitolea tabasamu, muziki ukaisha, nikamuuliza swali la tatu. Taarifa ilitufikia kabla ya saa moja. Kabla mtu yeyote hajaingia studio nikafuta zile fleshi tatu kwenye simu, nikafungua daftari, nikaandika kimya. Yale mahojiano sikuyatuma Nairobi, lakini hilo halimsaidii mtu.

Kwa hiyo redio yake ingekuwa na betri, Penina angenisikia mimi nikimwambia atoke.

Kuna jingine, na ndilo linaloniumiza zaidi kulieleza, kwa kuwa la kwanza lilikuwa la dakika na hili ni la siku nzima. Baada ya mazishi Mzee Kiema alikuja ofisini kwa miguu kutoka barabarani, na kisimu chake cha kabambe mkononi. Aliniuliza kama fleshi zake ziliingia. Nilimtazama nikamwambia hazikuingia. Aliitikisa simu sikioni kama mtu anayepima yai, akasema kumbe hiki kidude kimemwaibisha. Akaomba jina lake lifutwe kwenye kadibodi, maana mzee mwenye simu mbovu ni hatari kwa watu. Nikalifuta, nikaandika nambari ya jirani yake. Nilikuwa na kalamu nyekundu ya Mama Tryphena, ndiyo niliyoitumia.

Halafu nikarekodi tangazo la betri.

Alhamisi iliyopita nilimwambia Bwana Silvanus yote. Hakunifokea. Alifunga dirisha, akaketi, akavua miwani. Aliniambia mimi ni mtoto wa shule, nimesoma mno mpaka nimeanza kujisoma mwenyewe. Alisema Penina harudi. Kisha akasema jambo lililoniogopesha kwa sababu si la uongo: kwamba ripoti ile haina uzio wala bunduki, ina imani tu, na watu wakiacha kuiamini watatoka alfajiri wakitegemea masikio yao, na tutazika wengine. Je, nimejiandaa kuwabeba na hao? Akaniahidi kwamba baada ya sherehe atamtafutia Munyoki kazi ya ulinzi hapa redioni, karibu na mji. Kuhusu wale watoto wawili hakusema kitu, nami sikuamini kwamba kazi ya ulinzi ingemfungulia lango lile. Akanirudishia ukurasa wenye ile sentensi, akasema niumalize kufikia Jumatatu.

Ijumaa sikufanya kazi yoyote. Nilikaa mbele ya sentensi ile. Niliibadilisha namna tisa, kila mara ikawa laini zaidi na ya uongo zaidi, mpaka ikaja moja nzuri kiasi kwamba hata mimi ningeiamini. Hiyo ndiyo iliyonitoa kitini. Niliogopa kwamba baada ya miaka mitatu nitakuwa nakumbuka sentensi badala ya asubuhi.

Redio yetu ina desturi ya tangu mwanzo: hatutangazi kifo mpaka wenyewe wameambiwa uso kwa uso. Kwa hiyo Jumamosi nilikwenda Mikuyuni.

Nilianza kwa Mzee Kiema kwa sababu ndiye niliyemwogopa kidogo kuliko wengine. Nilikosea. Alinisikiliza akiwa ameinama anafunga mbuzi, na nilipomaliza hakuinuka. Aliuliza, "Kwa hiyo ilikuwa inalia?" Nikasema ndiyo, Mzee, ililia mara tatu. Akasema, "Na mimi simu nzima nimeitupa chooni kwa sababu yako." Nilidhani anatania, kwa kuwa yeye ni mtu wa utani. Uso wake haukutania. Alinifuata kwa Katuku bila kuniambia anakuja.

Mama Katuku alikuwa anabambua mbaazi kwenye ungo. Nilimwamkia kwa Kikamba, naye, kama ilivyo desturi, kabla ya lolote akauliza mimi ni mtoto wa nani. Nilikutaja. Nilitaja jina lako na ukoo, na kwamba unakaa Bomeni kwa sasa. Nisamehe, lakini singeweza kuingia boma lile nikiwa mtoto wa redio. Kwa hiyo ujue jina lako limeshafika Mikuyuni kabla ya barua hii kufika kwako.

Nilimwambia. Hakuacha kubambua. Nilipofika pale pa droo, mikono yake ilienda kasi zaidi, kisha mbaazi zikaisha, na mikono ikaendelea kutafuta kitu cha kufanya kwenye ungo mtupu. Mwishowe alimwita Koki, ambaye ana miaka minane, akamwambia aende akamwite baba yake. Mtoto alikwenda hatua kumi akarudi kuuliza kama alisema baba. Akaambiwa ndiyo. Alirudi tena kuuliza kama aingie ndani ya lango au asimame nje. Mama Katuku akamwambia nenda, usinichoshe.

Munyoki alikuja na buti za kazi, akasimama langoni. Alisimama pale mpaka mama mkwe wake akamwambia kwamba lango halina pembe, aingie. Nikarudia yote, sasa mbele ya watu watatu. Nilijitahidi kusema bila kulia, maana kulia kwangu kungewalazimisha kunibembeleza. Munyoki aliuliza, "Hata ingekuwa na betri?" Nikamwambia hata ingekuwa na betri. Akaniomba niliseme neno lile kama nilivyolisema siku ile. Nilikataa kwanza. Mama Katuku akasema, "Mwambie." Nikasema, Mikuyuni, njia nyeupe. Alitikisa kichwa taratibu, akasema basi mkewe angetoka akiwa na furaha. Aliketi chini pale alipokuwa, mgongo kwenye nguzo ya lango, na Mumo akamletea kiti, akabaki amekishika tu, hajui amwekee wapi.

Niliomba msamaha. Mama Katuku alisema nisimwombe kitu ambacho hana ndani ya nyumba. Kisha alisema kwamba mimi nimewaambia watu watatu, lakini wanaomwita huyu Betri hawana idadi, na wao hawakuambiwa uani, waliambiwa na redio. "Ulisema wapi?" aliniuliza. Nikasema studio. "Saa ngapi?" Nikamtajia. Akasema, "Basi mahali unapajua, na saa unaijua."

Mwaitu, jana Jumapili sikwenda kanisani. Nilikaa chumbani nikiwaza maneno ya Bwana Silvanus kuhusu imani ya watu, mpaka jirani akagonga kuuliza kama nina malaria. Bado naogopa kwamba anasema kweli. Ikiwa mtu atatoka wiki hii asitusikilize, akakutwa njiani, sitajua niweke wapi uso.

Leo alfajiri nilifika mapema. Simu niliiweka mbele yangu, spika zikakoroma, nikaziacha zikorome. Vilifleshi vijiji viwili. Nilitazama kwa macho, nikasoma vijiji vyote thelathini na kimoja. Tangazo la betri nilikuwa nimeshalifuta kwenye kompyuta. Katika nafasi yake nilisema kwamba mimi ni Moureen Kathini Wambua. Kwamba mwaka juzi simu ya Mikuyuni ililia mara tatu, nikaisikia, nikasema njia nyeupe. Kwamba Mzee Kiema alifanya kazi yake. Kwamba Munyoki hakumuua mkewe, na kila aliyemwita Betri alifundishwa na sauti yangu. Kisha, kwa kuwa yetu ni redio ya watu kupiga simu, nikafungua laini.

Wa kwanza alikuwa mwanamume wa Mikuyuni kwenyewe. Hakunitukana. Alisema, "Dada, hayo tumesikia. Lakini leo Mikuyuni ni nyeupe au si nyeupe? Umeitazama simu?" Nikamwambia nimeitazama, ni nyeupe. Akasema sawa, lakini na wao watachungulia. Mwanamke mmoja akaniita jina ambalo sitakuandikia. Kijana wa boda akapiga, akauliza sasa wamwite nani, maana jina lingine la yule baba hawakuwahi kulitumia. Nikamwambia, anaitwa Munyoki. Nilipokea simu kwa muda wa nusu saa. Bwana Silvanus alifika akasimama nyuma ya kioo na koti lake mkononi. Angeweza kunizima, swichi iko upande wake. Hakuizima. Taarifa ya habari ilipoanza aliingia, akanyoosha mkono, nikampa ufunguo wa studio. Aliniambia nisije kesho, wala kesho kutwa, mpaka nitakapoitwa. Kijitabu kitaandikwa na mwingine.

Saa nne nilikwenda polisi na lile daftari na rekodi, nikaandikisha maelezo. Askari alinisikiliza vizuri, lakini hakujua ayaandike katika kitabu gani, akaenda kumuuliza mkubwa wake. Nimeambiwa nisitoke Voi kwa sasa. Kwa hiyo usiningoje mwisho wa mwezi.

Watakujia wenye habari kabla au baada ya Philemon, na kanisani watanyamaza ukiingia. Waambie mwenyewe, usingoje wakuulize. Na kama kuna lawama unayoniwekea kwamba nimewaambia watu wa nchi nzima kabla yako, nakiri nilifanya kwa kusudi. Ningekuandikia wewe kwanza, ungenisihi ningoje, na kwa jinsi ninavyokupenda ningengoja. Ndiyo maana nilisema kwanza, kwa jina langu lote na la baba, na kalamu nimeishika baadaye.

Wasalimie akina mama wote, hata wale watakaogeuza uso. Mwambie shangazi Mable nimepata kitenge na nakivaa. Usisimame sana shambani na goti hilo.

Ni mimi mwanao,
Kathini.